Kitovu cha Papa

Baba mdogo akiyasoma haya atakasirika. Na akasirike. Mimi nina hasira tangu miaka ya tisini, na sijawahi kusikia kwamba yeye alikosa usingizi hata siku moja kwa sababu hiyo.

Tulikaa Mpanda, kwenye kota za reli. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Rukwa, bodaboda hatukuzijua, na treni ikitoka Kaliua ikafika kwetu ilikuwa imefika mwisho wa reli. Mwenye safari ya Majimoto au Sumbawanga alishuka, akajipangusa vumbi, akaanza kutafuta lori. Baba alifanya kazi ya njia. Yeye na wenzake ndio waliotembea relini kutwa na mitaimbo begani, kukaza mataruma na kushindilia kokoto ili treni isianguke. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, mpana, mbishi. Ukimwambia leo jua kali, atatoka nje kuhakikisha, kisha atarudi akwambie hilo si jua, ni mwanga tu.

Rafiki yake mkubwa alikuwa gadi, yule anayepanda behewa la mwisho na bendera zake, ambaye asipopunga ile ya kijani treni haiondoki. Gadi alikuwa Mzaramo. Anayejua ameshaelewa. Kwa asiyejua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu waliokwenda pwani kwa miguu na mizigo kichwani. Mtani wako anakusema mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Anaingia jikoni, anafunua sufuria, anaondoka na paja la kuku. Na siku ukifa ana kazi. Atakuja msibani amevaa nguo zako, ataiga mwendo wako, atautaja ulafi wako mbele ya mchungaji, ataingia kaburini alale humo akatae kutoka mpaka abembelezwe. Waliofiwa watacheka bila kutaka. Wakishacheka, kilio kinachofuata kinakuwa kilio cha kweli, siyo kile cha kulia kwa sababu watu wanakutazama. Hiyo ni kazi, tena kazi nzito, na anayedhani ni mchezo hajawahi kufiwa.

Mambo ya popo na papa yalianzia kwenye mikuyu ya bondeni, nyuma ya kota zetu. Kila mvua za kwanza zilipokaribia walikuja popo, wale wakubwa wala matunda, wenye manyoya ya manjano shingoni. Walijaa mikuyuni mpaka matawi yakainama, na kelele zao zilikuwa kama za soko siku ya gulio. Gadi alipowaona mara ya kwanza alisimama na begi lake mkononi, akawatazama wale maelfu walioning'inia vichwa chini, kisha akamgeukia baba.

"Mnyamwezi, ndugu zako wamefika. Mbona hawashuki kusalimia wageni? Au ndiyo adabu za bara, mtu anaonyeshwa matako kwanza?"

Baba hakucheka. Alikuwa na kipaji cha kutocheka. "Hawa wamekuja kwa mabawa yao," akasema, "hawakuomba nafasi kwenye behewa la mtu. Na wa kwenu yuko wapi? Papa si bado yuko huko pwani anasubiri mtu azame?"

Kuanzia siku hiyo baba akawa Popo na gadi akawa Papa. Mimi nikawa kitoto cha popo, na mama akawa yule mwanamke mwenye bahati mbaya aliyeolewa mtini. Treni ilipoingia, kabla hata haijasimama sawasawa, tulisikia sauti kutoka behewa la mwisho ikiuliza kama popo wa Mpanda ameshaamka. Baba, kama yuko karibu, alijibu kwa sauti ileile kwamba kuna harufu ya samaki aliyeoza, nani kamwacha juani?

Jioni popo walipotoka mikuyuni kwenda kutafuta chakula, anga lote lilikuwa jeusi kwa mabawa. Ndiyo saa ambayo wale wawili walikaa barazani na chai ya rangi, kila mmoja akimtetea mnyama wake kama wakili. Mimi nilikaa karibu na ukuta nikipembua mchele na nikisikiliza. Shuleni sijafundishwa chochote kwa uzuri ule.

Gadi hakumtetea papa yeyote tu. Alikuwa na wake, papa nyundo, yule ambaye kichwa chake kimetanuka huku na huku kama nyundo, jicho moja ncha hii, jicho jingine ncha ile. Alisema huyo anapita juu ya mchanga akikipeperusha kichwa kile kama mtu anayetafuta sarafu na tochi, na samaki taa akijifukia mchangani humo, asionekane hata mkia, papa anamhisi tu kwa ngozi ya uso. Meno yakimng'oka yanakuja mengine nyuma yake. Na mwilini hana mfupa hata mmoja, ni gegedu tupu, ndiyo maana anajipinda atakavyo.

"Asiye na mifupa ni konokono," baba alisema.

Kisha akaanza yeye. Popo anazaa mtoto mmoja tu, anambeba kifuani, anaruka naye huku ananyonya. Papa wako anambeba nani? Popo anakula kuyu, anaruka, anaziachia mbegu njiani. Ule mkuyu wa karibu na daraja uliupanda wewe? Uliuotesha huku unapunga bendera? Gadi akamwambia mnyama anayelala kichwa chini lazima anajikojolea usoni kila asubuhi. Hapo baba alikasirika kidogo, kwa sababu jambo hilo alikuwa amelichunguza. Aliweka kikombe chini, akasimama, akainua mikono kuonyesha: popo akitaka haja anageuka kwanza, anashika tawi kwa kucha za mabawa, kichwa kinakuwa juu, akimaliza anarudi kama alivyokuwa. Mwanaume mzima na koti la kazi, amening'inia kwenye boriti ya baraza kumwigiza popo anayekwenda haja. Gadi alicheka mpaka chai ikampita puani.

Jambo moja halikuisha kamwe, nalo ni kuzaa. Gadi alisema papa nyundo hatagi mayai, anazaa. Tena mtoto akiwa tumboni ameunganishwa na mama yake kwa kitovu, kama binadamu, na akizaliwa ana kovu la kitovu chini ya kifua, katikati ya mapezi. Alisema ameliona kwa macho yake utotoni, ufukweni kwao.

Baba alimwangalia kwa huruma. "Samaki ana kitovu," akasema taratibu, kama anayemsaidia mtu asikie alichokisema mwenyewe. "Na mkunga wake nani? Pweza?"

Akaniita mimi niwe shahidi. Mwalimu wetu alikuwa amefundisha kwamba samaki hutaga mayai, na mimi nikalisema hivyohivyo, nikijivuna. Gadi akasema mwalimu wenu ni popo mwenzenu, bahari ameiona kwenye kalenda. Akaapa kwamba ataleta ushahidi. Likizo iliyofuata alileta kweli papa mkavu kutoka sokoni, lakini alikuwa amepasuliwa tumbo na kutiwa chumvi kama wanavyowafanya, na pale penye kitovu palikuwa pamepita kisu. Mama alimtoa nje kwa harufu. Baba alimmaliza na ugali, akalamba vidole, akasema, "Mtamu. Kitovu sijakiona."

Waliishi hivyo miaka. Sikuwahi kuwaona wakiambiana neno la upole, na sikuwahi kuwaona watu wanaopendana namna ile. Mama alipougua, ni gadi aliyemshika mkono mpaka hospitali ya Tabora. Njia nzima alimwambia kwamba anampeleka kwa sababu amechoka kuona mwanamke mzuri akizeekea mtini.

Kisha baba akapata kikohozi kisichopona. Alikonda, koti la kazi likawa linamning'inia, na hata ubishi ukapungua, ndipo nikajua kwamba ni hatari. Gadi alikuwa pwani kwa likizo. Mchana mmoja wodini baba alituita mimi na mama karibu, akasema kwa kupumzikapumzika, "Yule Mzaramo aje. Mnanisikia? Asipokuja kunisema, mjue hamjanizika. Mtakuwa mmenificha tu."

Mama alimwambia asiseme habari za kuzikwa. Baba akamjibu kwamba hasemi habari za kuzikwa, anasema habari za Mzaramo. Huo ndio ubishi wake wa mwisho ninaoukumbuka, kwa sababu siku zilizofuata hakusema tena.

Alipofariki, mkuu wa stesheni alipiga simu Tabora. Kule habari zilipokewa na pande mbili: baba mdogo, mdogo wake baba tumbo moja, aliyekuwa na kazi ya ofisi pale mjini, na gadi, ambaye alikuwa ndiyo anarudi kutoka pwani, akabadilishana zamu ili apande treni ya kuja kwetu. Mvua zilikuwa zimelegeza tuta njiani, treni ikachelewa, tukakaa na marehemu tukisubiri filimbi. Wakaja wote wawili na treni hiyohiyo, mmoja daraja la pili na suti, mwingine behewa la mwisho na bendera.

Baba mdogo alikuwa ameokoka karibuni. Silaumu kuokoka, mama yangu ameokoka na ni mtu mwema. Lakini yeye alikuwa na ule wokovu unaotaka watu wauone. Alikuja na wageni wake wa ofisini, nao na suti zao, na tangu aliposhuka alikuwa akiwaangalia wao zaidi ya alivyoangalia jeneza la kaka yake. Alishika msiba wote mkononi. Nani akae wapi, nani aimbe nini, nani aseme. Wenzake baba wa kazi ya njia aliwaambia wakae nyuma.

Waliokuwa wengi pale walikuwa watu wa Litapunga na vijiji vya upande ule, wakulima ambao wazazi wao walikuja kutoka Burundi, waliosali pamoja na baba na ambao baba aliwapenda na wao wakampenda. Kwaya yao ndiyo iliyoimba. Walikuwepo pia majirani zetu Wasukuma wenye ng'ombe. Nawataja ili ieleweke: wale wa kwaya hawakujua kitu chochote kuhusu Wazaramo. Hawakuwa na mtani wa pwani, na hakuna aliyewaambia. Mimi siwalaumu wao, sijawahi.

Tulipokuwa makaburini, shimo liko wazi, mchungaji ndiyo kwanza amefungua kitabu, tukasikia mtaimbo unagonga mawe. Nikageuka. Nikamwona baba anakuja.

Naandika kama nilivyoona, na niliona hivyo. Koti la kazi la baba, lile lenye mafuta mabegani. Mtaimbo begani. Mwendo wa baba, ule wa miguu iliyopanuka kwa kuzoea kukanyaga mataruma, hatua ndefu, hatua ndefu, anasimama, anainama kuangalia reli ambayo haipo. Kisha nikaona shingoni kwake kamba, na kwenye kamba kimefungwa kipapa kidogo kikavu, kizima, kichwa kama nyundo. Alikuwa amepitia nyumbani kwanza, na mama, aliyekuwa ameachwa ndani na wanawake kwa sababu miguu ilimkatalia, ndiye aliyemtolea koti msumarini. Alimwambia, "Chukua, alikuwa anakungoja."

"Nyie!" gadi akapaza sauti. "Nani kawadanganya kwamba huyu kafa? Popo hafi mchana. Popo mchana kalala! Anajifanya hivyo asiitwe kazini!"

Wale wa kazi ya njia, huko nyuma walikowekwa, walianza kutikisika mabega. Shangazi yangu akatoa sauti ambayo ilianza kama kilio ikaishia kicheko, akajiziba mdomo na kanga. Gadi akashuka kaburini. Akalala chali, akakunja mikono kifuani, akainua kichwa.

"Mleteni basi. Lakini mkimlaza hivi hatapata usingizi. Mwekeni kichwa chini miguu juu, ndivyo alivyozoea!"

Nikacheka. Mimi, ambaye tangu baba afe sikuwa nimetoa chozi, nilicheka, na nikasikia kitu kifuani kinaanza kuachia. Kilikuwa kinakuja. Nakumbuka jinsi kilivyokuwa kinakuja.

Baba mdogo akasema, "Mtoeni huyo mlevi. Anamtukana marehemu."

Aliwaambia watu wa kwaya. Hakuwaambia wale wa reli, ambao wasingekubali, hakumwambia shangazi. Alichagua wale ambao hawakujua. Vijana wenye nguvu wakashuka shimoni wakampandisha, na mtu mzima mmoja wa kwaya, mwenye machozi, akawa anamsihi, "Mzee, tafadhali, heshimu wafu. Huyu alikuwa mtu mwema."

"Mimi ni mtani wake!" gadi akasema. "Jamani, mimi ni mtani wake! Muulizeni huyo!" Na alikuwa anamwonyesha baba mdogo kwa kidole.

Wakamwangalia baba mdogo. Wote tulimwangalia. Alikuwa na nafasi hapo. Neno moja tu lilitosha.

"Simfahamu," akasema.

Mimi huwa naacha kuandika nikifika hapa. Nazunguka nyumba, naosha vyombo ambavyo ni visafi. Kwa sababu mtu huyu alijua! Si kwamba alizaliwa mjini, si kwamba hakufundishwa. Babu yetu alipofariki kule Tabora, mtani wake aliingia kaburini akadai mbuzi, na aliyetusimulia habari hiyo ni baba mdogo mwenyewe, nyumbani kwetu, akitafuna karanga, akicheka mpaka anajifuta macho. Alituambia kwamba yale ndiyo mazishi mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona. Na gadi alimfahamu kwa jina. Alikuwa ameshawahi kula sahani moja na gadi, kwenye baraza letu. Lakini siku hiyo kulikuwa na wageni wa suti, na hakutaka waone kwamba kwao watu wanalala makaburini na samaki shingoni.

Nikapiga kelele. "Baba alisema asizikwe bila yeye! Alisema wodini, mama alikuwepo, muulizeni mama!"

"Nyamaza wewe," baba mdogo akasema. "Watoto wa kike hawasemi makaburini."

Wakamvua gadi koti. Kamba ikakatika, kipapa kikarushwa majanini. Wakamsindikiza mpaka barabarani, na yeye hakupigana, alitembea akiwa na shati lake lililopasuka kwapani, bila mwendo wa baba, kwa mwendo wake mwenyewe wa mtu mzima aliyechoka na safari. Kisha baba yangu akafukiwa. Kwaya ikaimba vizuri. Watu wakalia kwa adabu, kila mmoja na leso yake. Mimi sikulia kabisa. Kile kilichokuwa kinakuja kilirudi kilikotoka, kikakaa.

Watu walipoanza kutawanyika nilikitafuta kile kipapa majanini nikakiokota, pamoja na koti la baba. Mkia ulikuwa umevunjika. Nilikifunga kwenye kanga nikaenda nacho nyumbani. Mama, nilipomweleza, aliuliza tu koti liko wapi, nikampa, akalikunja, akaliweka chini ya mto.

Kesho yake asubuhi baba mdogo akasema kazini kwake kunamngoja, hawezi kusubiri hata kuanua matanga. Treni ilikuwa inageuza kurudi Kaliua, na hakukuwa na nyingine karibuni. Nikaenda stesheni. Sikwenda kumsindikiza yeye.

Gadi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya behewa lake, bendera zimekunjwa mapajani. Siku zote aliponiona alianza yeye: kitoto cha popo, umeshajifunza kutembea na miguu? Siku hiyo alinijibu tu, "Marahaba." Hilo liliniuma kuliko yote niliyoyaona siku iliyotangulia. Mtani wa baba yangu alikuwa ananiitikia salamu kama mtu baki.

Nikafungua kanga nikampa kipapa chake. Alikigeuzageuza, akaugusa mkia uliovunjika.

"Nilimnunulia yeye," akasema. "Nilikuwa sijui kwamba ni mgonjwa. Nilizunguka soko zima natafuta ambacho hawajakipasua. Wauza samaki wakaniona nina wazimu, eti mzee huyu anafunua samaki matumbo anatafuta vitovu."

"Jana ulitaka kusema nini nacho?" nikamuuliza.

"Yamekwisha hayo."

"Baba alisema usipomsema hatujamzika."

"Alisema hivyo?"

"Alisema tutakuwa tumemficha."

Akatazama kando. Abiria walikuwa wanapandisha magunia na majogoo, mkuu wa stesheni alikuwa anaangalia saa. Dirishani kwenye behewa la daraja la pili alikaa baba mdogo, amekunja mikono, anatazama mbele.

"Mtani anasema palipo na marehemu na watu wake," gadi akasema. "Hapa pana treni tu."

"Mimi ni mtu wake."

Basi akasimama. Nilimwona anajikusanya, kama mtu anayevaa koti ambalo halipo. Akakiinua kile kipapa juu kwa mkono mmoja, tumbo lake likanielekea, akaweka kidole katikati ya mapezi ya kifuani. Palikuwa na kovu. Dogo, la mviringo, limejikunja, mtu yeyote aliyewahi kumwogesha mtoto angelitambua.

Akapaza sauti ile ya kutoka behewa la mwisho, ile iliyotuamsha miaka yote. "Popo wa Mpanda! Kitovu hiki hapa! Papa anazaa, nilikwambia ukanicheka mbele ya mtoto wako. Leo nimekushinda. Unasikia, Mnyamwezi? Nimekushinda! Amka ubishe!"

Stesheni nzima ilinyamaza. Magunia yalisimama vichwani. Na katika kimya kile nilisikia pale ambapo jibu lilipaswa kuwa. Nilisikia kwamba baba yangu habishi. Mtu ambaye hakuwahi kuacha neno la mwisho kwa yeyote alikuwa ameambiwa ameshindwa, na alikuwa kimya. Ndipo nikajua kwamba amekufa.

Lakini mimi ni mtoto wake.

"Mwongo wewe!" nikapiga kelele. "Umekichimba mwenyewe kwa msumari!"

Gadi alifungua mdomo. Alicheka kicheko kimoja kikubwa, kisha akakaa kwenye kokoto, kipapa mkononi, akalia kama wanavyolia watoto, na mimi nikakaa karibu naye nikalia hivyohivyo. Wapagazi waliokuwa wakimfahamu baba wakaja wakasimama karibu yetu, nao wakalia. Mkuu wa stesheni akaiacha saa yake. Treni ilichelewa na hakuna aliyeuliza.

Baadaye sana, nimekwenda kusoma, nimewasoma wote wawili vizuri. Papa nyundo anazaa kweli, na kitovu kipo. Lakini akishazaa anaondoka, mtoto anajitafutia mwenyewe, mama na mwana wakikutana hawajuani. Popo ndiye anayembeba wake hewani mpaka aweze kuruka. Kwa hiyo wote wawili walikuwa na haki, na wangeweza kuendelea kubishana mpaka leo. Watu wengine wakisikia kisa hiki huniambia kwamba basi baba mdogo ndiye papa. Hapana. Papa hajanikosea kitu.

Kicheko kile na kilio kile havikuwa mali ya stesheni. Vilikuwa vya pale makaburini, mbele ya shangazi, mbele ya wenzake wa mtaimbo, mbele ya wale watu wema wa kwaya ambao wangeelewa kama wangeambiwa, na mama yangu alistahili kuvisikia kutoka nyumbani alikoachwa. Wote hao walinyimwa. Walipata nyimbo na leso.

Gadi aliponyanyuka alijipangusa uso kwa bendera ya kijani, kisha akaipunga. Behewa la daraja la pili likapita mbele yangu polepole. Baba mdogo alikuwa ameona yote. Safari hii alinitazama, akainua mkono dirishani kuniaga, mkono wa mtu anayetaka yaishe. Nilikuwa bado na machozi, na pumzi zilikuwa hazijanikaa sawa.

"Simfahamu," nikamwambia mpagazi aliyekuwa kando yangu, kwa sauti ya kutosha kufika dirishani.